Grunt, Gulp au skripti za npm: ipi inafaa mfumo wa PHP wenye jQuery?

Kisimani77
Habari wakuu. Nina mfumo wa PHP wa kusimamia stoo, upande wa mbele ni jQuery (maktaba ya JavaScript) na Sass (lugha inayogeuzwa kuwa CSS), hakuna React. Kila nikitaka kupandisha toleo jipya naunganisha faili za JavaScript kwa mkono, nazibana, kisha nabadilisha majina yake ili vivinjari vya watumiaji visiendelee kushika za zamani. Nataka amri moja ifanye yote. Ninachojali: atakayepokea mradi aelewe kilichoandikwa, usakinishaji usimalize bando, na Node (inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ndiyo inayobeba zana hizi) ikipanda toleo kazi isisimame.

fundi_nodi
Kwa mradi huo ningeweka Grunt, mkuu, zana ya kuendesha kazi kama hizo kwa amri moja kupitia plagini. Ipo tangu 2012, na Gruntfile.js yake ni mipangilio zaidi kuliko msimbo. grunt-contrib-concat inaunganisha, grunt-contrib-uglify inabana JavaScript, grunt-contrib-cssmin inabana CSS, grunt-contrib-watch inaziangalia faili ukiwa unaandika. Mwisho unasajili kazi:

`grunt.registerTask('build', ['clean', 'concat', 'uglify', 'cssmin', 'filerev', 'usemin']);`

Hata asiyejua Node anaona nini kinatangulia. grunt-filerev inaingiza kwenye jina la faili alama inayotokana na yaliyomo, kwa hiyo jina hubadilika pale tu faili inapobadilika. grunt-usemin inarekebisha marejeo ndani ya kurasa, na unaweza kuielekeza kwenye faili za .php. Ila inaandika juu ya faili ileile, kwa hiyo nakili kurasa kwenye folda ya dist (ya matokeo ya mwisho) kwanza. Usiielekeze kwenye chanzo!

DadaSeva
Gulp, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, ilikuja 2013 na tofauti yake kubwa ni kwamba faili hupita hatua moja hadi nyingine zikiwa kwenye kumbukumbu, wakati Grunt kwa kawaida huandika diskini kila hatua na kusoma tena. Kwa faili chache hutaona tofauti ya maana.

Kwenye kigezo chako cha Node, Gulp ina historia ya kuangalia. Miradi ya Gulp 3 iligoma Node 12 ilipotoka, na ujumbe wa "primordials is not defined" ukawapata wengi. Gulp 4 ikabadilisha namna ya kupanga kazi, ikaleta series na parallel, kwa hiyo gulpfile za zamani zikabidi ziandikwe upya. Gulp 5 ya 2024 nayo inasoma faili kama maandishi ya UTF-8 usipoiambia vingine: picha zikipita bila `encoding: false` zinatoka zimeharibika, na amri inamaliza bila kulalamika. Naipenda Gulp, lakini mtu akiipandisha toleo lazima asome maelezo ya mabadiliko mstari kwa mstari.

mjenzi_web
Mimi napinga plagini zenyewe. grunt-contrib-uglify ni kanzu tu juu ya UglifyJS, na cssmin ni kanzu juu ya clean-css. Chombo cha ndani kikisonga mbele, unamsubiri mwenye plagini naye asonge. Ndiyo maana miradi yenye toleo la zamani la plagini hiyo inakwama na "Unexpected token" ikikutana na `const` au `=>`. Ita chombo moja kwa moja kutoka package.json, faili ambamo npm (kisakinishi cha Node) huweka skripti za mradi; esbuild hapa inafunga na kubana JavaScript:

`"js": "esbuild src/app.js --bundle --minify --outfile=dist/app.js"`
`"css": "sass --style=compressed src/app.scss dist/app.css"`
`"build": "npm run js && npm run css"`

Vitu viwili vya kusakinisha, basi. Bando linapona.

fundi_nodi
@mjenzi_web hoja ya plagini nakubali, lakini hiyo `--bundle` itamvunjia mfumo. Faili za jQuery za namna hiyo hutegemeana kwa vigeu vya jumla: moja inatangaza `stoo`, nyingine inaitumia. Ukifunga kama moduli, kila faili inabaki na vigeu vyake na nyingine haivioni. Itabidi aandike import na export kote.

Kisimani77
Ndivyo ilivyo kwangu, vigeu vya jumla vimejaa na mpangilio wa faili una maana. Halafu naandikia kwenye Windows, seva ni Ubuntu.

mjenzi_web
Basi hapo narudi nyuma. Kuunganisha kwa `cat` (amri ya Linux) hakutafanya kazi, maana npm kwenye Windows huendesha skripti kwa cmd, isiyo na amri hiyo. Concat ya Grunt inakufaa. Badala ya uglify weka grunt-terser, nayo inabana JavaScript, `const` haitakusumbua. Siku ukihamia moduli, angalia Vite, zana ya kujenga upande wa mbele: inaweza kutoa manifest.json ambayo PHP inaisoma kujua jina jipya la kila faili, na usemin huihitaji tena.

DadaSeva
Na chochote utakachochagua, package-lock.json (orodha ya matoleo kamili ya vilivyosakinishwa) iingie kwenye Git, toleo la Node liandikwe kwenye faili ya .nvmrc, na mwenzako asakinishe kwa `npm ci --prefer-offline`, inatumia kwanza akiba iliyo kwenye mashine yake. Grunt iite kwa `npx grunt build` ili kila mtu atumie toleo la mradi.

Kisimani77
Shukrani sana wakuu. Naanza na Grunt: concat, terser, cssmin, filerev. Usemin nitaiweka baada ya kutenga folda ya dist. @fundi_nodi, Sass nayo ipite grunt-sass au niiite pembeni?

fundi_nodi
grunt-sass inatosha, ila kwenye options taja `implementation: require('sass')`. Mifano mingi mtandaoni bado inaonyesha node-sass, na hiyo imeshaachwa.