Waliowahi kujitolea kufufua katikati ya mji mdogo, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Mji wetu una mtaa mmoja tu wa maduka. Tangu stendi ihamishiwe nje, milango mingi imefungwa. Tumejikusanya vijana na wazee wachache, nguvu tunazo, hela hatuna. Mlianzia wapi? Nadharia hapana, nipeni mliyoyafanya.

Mtu wa Moshi: Anzeni na taka, ila kwanza mjue nani atazizoa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanafagia vizuri sana, kisha rundo linakaa hapo hapo na mbuzi wanalitawanya. Ongeeni na afisa afya gari lije siku hiyo hiyo.

Mpangani: Kama nyumba zenu ni za mawe ya matumbawe kama za kwetu Pangani, tafadhali msikimbilie saruji. Saruji inaziba ukuta, unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, baada ya masika chache plasta inabanduka mapande kwa mapande. Sisi tulimtafuta fundi mzee anayejua chokaa, vijana wakawa saidia fundi wake. Kazi ni ya polepole, kila tabaka lisubiriwe likauke, na wengine walichoka wakaondoka. Waliobaki sasa wanaitwa na wenye nyumba, na wanalipwa. Rangi ni ya mwisho kabisa, ingawa kila mfadhili anataka kuanza nayo maana ndiyo inayotoka vizuri kwenye picha.

Niko Iowa: Huku Marekani kuna mpango wa Main Street, wa kufufua mitaa ya maduka katikati ya miji, ulianza 1980 chini ya National Trust for Historic Preservation, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria. Kamati ni za watu wa kujitolea, lakini kwa kawaida kuna mratibu anayelipwa. Nimekaa kwenye kamati ya matamasha. Bila yule dada wa ofisini tusingepata hata kibali cha kufunga barabara. Changeni, mlipeni mtu japo nusu siku.

Mleta mada: Asanteni. Na mwenye fremu akipandisha kodi baada ya sisi kumpendezeshea jengo?

Mpangani: Atapandisha! Andikishaneni serikali ya mtaa kabla ya kugusa ukuta: kodi haipandi kwa muda mtakaokubaliana. Akikataa, nendeni jengo la jirani.