Tupeane uzoefu: siku za Wajapani zinazotokana na kusoma namba

Mzawa wa Pangani: Wakuu leo tarehe 29 nimekumbuka nikisoma Nagoya. Kila tarehe 29 duka la mtaani linashusha bei ya nyama, mi miezi mitatu nadhani ni bahati yangu, mpaka bibi jirani akanihesabia kwa vidole: mbili ni "ni", tisa ni "ku", niku, ndo nyama hiyo. Toka siku ile kalenda yao naisoma kama kitendawili. 22 Februari ni siku ya paka, ni-ni-ni, wao wanasikia nyan nyan nyan, sisi tungesema nyau. 30 Mei ni go-mi-zero, taka sifuri, watu wanatoka kuokota takataka. Mliokaa kule leteni zenu.

Dada wa Yokohama: Umenikumbusha mbali! Mi ni 8 Machi, tatu ni "sa" nane ni "ba", siku ya saba. Saba kwao ni samaki wa jamii ya kibua. Nikamwambia mwenzangu kazini kwetu saba ni 7, alicheka mpaka akakaa chini, kumbe wana msemo wa "kusoma saba", yaani kudanganya hesabu, hasa ya umri.

Kifaru: Mbona na sisi tunazo, Saba Saba na Nane Nane.

Mwana Kisumu: Saba Saba usiiweke na habari za paka bro. Kenya 1990 watu walitoka barabarani kudai vyama vingi na wengine walikufa.

Kifaru: Pole kaka, sikumaanisha hivyo. Bongo Saba Saba ni maonyesho ya biashara, Nane Nane ya wakulima, nasema tu tunaita siku kwa namba.

Dada wa Yokohama: Kwetu namba inabaki namba, kwao inageuka neno. Tofauti ndo hiyo. Na 7 Julai ni siku ya Kiswahili duniani pia, msigombane.

Fundi wa Yadi: Yangu nikiikumbuka moyo unashtuka mpaka leo. Nilikuwa yadi ya magari yaliyotumika, bosi kanilea kama mwanawe, binti yake akafunga ndoa 22 Novemba, wengi wanaipenda kwa sababu 11 ni "ii", njema, na 22 ni "fuufu", mume na mke. Nikaambiwa rafiki anatoa yen 30,000, nikasema huyu mzee kanifanyia mengi naongeza, nikaweka 40,000, noti nne mpya za benki za elfu kumi kumi, kiasi nikakiandika mwenyewe kwenye bahasha ya ndani. Tuko kwenye treni na suti zetu mwenzangu Mjapani ananiuliza umeweka ngapi, namwambia elfu arobaini kwa furaha, akanyamaza. Halafu akaniambia polepole, nne inasomeka "shi", na shi ni kifo, halafu hela ya harusi yenye idadi ya noti inayogawanyika kwa mbili ni kama unawaombea waachane. Jamani miguu iliisha nguvu. Na mi ndo nilikuwa nafungua pleti namba za magari kila siku, najua zinazoishia 42 kwa kawaida hazitolewi kwa kuwa ni "shi-ni", kufa, ila akili haikuunganisha! Tukashuka stesheni ya njiani, tukakimbilia konbini, vile viduka vyao vya kila kitu, nikanunua bahasha nyingine, nikatoa noti moja, mkono unatetemeka wino ukasambaa kwenye jina langu. Tulifika maharusi washaingia. Bosi akanishika bega tu, hakujua kitu.

Mama Tanga: Uwiii, nimesoma nimeshika kifua.

Mzawa wa Pangani: Ungeongeza iwe 50,000 mkuu, tano ni "go", na "goen" ni kukutanishwa kwa heri, ndo maana sarafu ya yen 5 wanaitupa hekaluni.

Fundi wa Yadi: Kwenye treni saa ile hiyo kumi nyingine ningeitoa wapi?

Kifaru: Peleka mchele tu, mchele hausomeki.

Dada wa Yokohama: Unasomeka! Kilo nne umeua, kilo tisa ni "ku", mateso.

Mama Tanga: Mwanangu anaenda Osaka mwezi ujao, mwenyeji wake amelazwa. Nilishamfungia khanga nne za kupeleka. Ngoja nifungue begi nitoe moja.