Je, buti bado zinang'arishwa kama zamani?

Afande Mstaafu, Nakuru: Wenzangu, hamjambo? Nilistaafu 2009, miaka yangu mingi jeshini nikiwa kambi ya Lanet. Usiku kabla ya gwaride tulikaa sakafuni na buti: kitambaa laini kidoleni, tone la maji, rangi kidogo, unazungusha polepole mpaka uone meno yako kwenye ncha. Juzi nimeona kijana akishuka matatu na sare, kola wazi, simu sikioni. Niliumia sana. Ni mimi tu?

Mama Koplo, Kisumu: Si wewe tu, afande. Marehemu mume wangu alitandika kitanda kikuruta hadi mwisho, pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha. Wanangu wamerithi.

Kijana wa Kakamega: Mzee, heshima yako. Mimi nilipitia ukuruta Eldoret, 2014. Buti tuling'arisha hivyo hivyo, na asiyeng'arisha alizunguka uwanja amezishika juu ya kichwa. Tafadhali msitupime kwa huyo mmoja.

Afande Mstaafu: Asante, kijana wangu, umenituliza. Kile kitambaa ninacho mpaka leo, kimekauka kama ngozi. Ukipita Nakuru njoo nikuonyeshe.