Uwanja ukifungiwa mashabiki, anayefaidika ni nani?

Wadau wa soka, naleta hoja. Kila klabu inapofungiwa mashabiki wake kwa sababu ya fujo au ubaguzi, kauli huwa ileile: adhabu hiyo ni ya mfukoni, klabu itakosa mapato ya mlangoni, lakini uwanjani ni kumi na moja kwa kumi na moja na mashabiki hawafungi magoli. Mimi siikubali. Uwanja mtupu unagusa matokeo, na kwa sehemu kubwa unayagusa kupitia mwamuzi. Kama ndivyo, kamati ya nidhamu inapofunga milango inamwadhibu mwenyeji na wakati huohuo inampa zawadi mgeni yeyote aliyepangwa kucheza pale wiki hiyo. Timu nyingine zilizokwishacheza kwenye uwanja uleule ukiwa umejaa zina kila haki ya kulalamika.

Turudi mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya viwanja karibu kila mahali, kwa sababu hakuna mtu angeweza kupanga jaribio kubwa kama lile. Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ilirejea tarehe 16 Mei ikiwa ligi kubwa ya kwanza Ulaya kucheza tena. Dortmund waliwakaribisha Schalke huku jukwaa lao la kusini, lenye nafasi ya watu karibu 25,000 waliosimama, likiwa halina mtu. Haaland alifunga la kwanza, wenzake wakashangilia kwa mbalimbali bila kukumbatiana, mechi ikaisha 4-0, na baada ya kipyenga cha mwisho wachezaji wakaenda kulisalimia lile jukwaa tupu. Ukiitazama mechi hiyo peke yake utasema wenyeji hawakupoteza chochote. Lakini katika mechi tisa za mzunguko ule, Dortmund ndio wenyeji pekee walioshinda. Leverkusen waliwapiga Bremen 4-1 kwao, Hertha wakawafunga Hoffenheim 3-0 kwao, Bayern wakaondoka kwa Union Berlin na ushindi wa 2-0. Mpaka msimu unafungwa, katika mechi zile zisizo na mashabiki wageni walikuwa wameshinda nyingi kuliko wenyeji.

Uingereza ikafuata. Msimu wa 2020/21 wa Premier League, uliochezwa karibu wote bila mashabiki, wenyeji walishinda mechi 144 na wageni 153. Tangu ligi hiyo ianze mwaka 1992 haikuwahi kutokea wageni wakawazidi wenyeji kwa ushindi. Manchester United walimaliza msimu huo bila kupoteza mechi hata moja ya ligi ugenini. Liverpool nao walikuwa wamecheza mechi 68 za ligi kwenye uwanja wao wa Anfield bila kufungwa, tangu Aprili 2017, hadi tarehe 21 Januari 2021 Ashley Barnes wa Burnley alipowafunga kwa penalti dakika ya 83. Baada ya Burnley wakaja Brighton, Manchester City, Everton, Chelsea na Fulham. Vipigo sita mfululizo nyumbani.

Najua jibu la mashabiki wa Liverpool: van Dijk alikuwa ameumia, Gomez na Matip pia, timu haikuwa na mabeki. Ni kweli kabisa, na timu isiyo na mabeki hufungwa. Lakini angalieni kilichotokea katikati ya vile vipigo. Baada ya Burnley, Liverpool hiyohiyo yenye ukuta wa kuungaunga ilikwenda kwa Tottenham ikashinda 3-1, ikaenda kwa West Ham ikashinda 3-1, halafu ikarudi Anfield ikafungwa na Brighton 1-0. Majeruhi wanaeleza kwa nini timu imeshuka. Hawaelezi kwa nini inashinda ugenini na kufungwa kwake.

Sasa tujiulize, nini hasa kilikosekana? Nyasi zilikuwa zilezile, vyumba vya kubadilishia nguo ni vilevile. Mwenyeji alilala kitandani kwake na mgeni akasafiri kama kawaida. Mambo haya yana uzito wake, sibishi. La Paz iko zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2009 Argentina walikula 6-1 pale kutoka kwa Bolivia. Mwinuko hauondoki mashabiki wakiondoka. Ndiyo maana katika ligi nyingi faida ya nyumbani ilipungua bila kufa kabisa mwaka 2020. Lakini kile kipande kilichopungua, ukikitafuta, lazima ufike kwa watu waliokuwa wakikaa majukwaani.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wa "mashabiki ni mchezaji wa kumi na mbili". Wao wanaamini kelele zinawapa wachezaji miguu. Huenda kwa kiasi fulani. Lakini kuna wachezaji wanaokufa kabisa wakizomewa na mashabiki wao wenyewe, kwa hiyo kwa mchezaji kelele zinakata kuwili. Kwa mwamuzi zinakata upande mmoja.

Kuna jaribio la watafiti wa Uingereza, Nevill, Balmer na Williams, lililotoka mwaka 2002, na naliona ndilo lenye nguvu kuliko yote kwa sababu wachezaji wametolewa kabisa kwenye hesabu. Walichukua mkanda wa mechi ya Liverpool na Leicester City iliyochezwa Anfield, wakachagua matukio 47 ya kukabana, wakawaonyesha waamuzi 40. Wengine walitazama wakisikia kelele za uwanja, wengine kimya. Picha ni ileile, mguu ni uleule unaogusa mpira au kifundo. Waliosikia kelele walipuliza faulo chache dhidi ya wenyeji, pungufu kwa asilimia 15.5, na walikuwa na wasiwasi zaidi katika uamuzi wao. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hawakuwaonea wageni kwa kuwazidishia faulo. Walisita tu kumpulizia mwenyeji. Mwamuzi anaona faulo, anasikia uwanja mzima ukisema hakuna kitu, na kwa ile nusu sekunde anaamini uwanja. Sisemi amehongwa wala hana maadili. Ni binadamu aliyezungukwa na watu maelfu wenye jibu moja.

Hispania nako, wachumi Garicano, Palacios-Huerta na Prendergast walichunguza dakika za nyongeza. Mwenyeji akiwa nyuma kwa goli moja, waamuzi waliongeza muda mrefu; akiwa mbele kwa goli moja, waliongeza mfupi. Tofauti ya magoli ikiwa kubwa na mechi imeshaamuliwa, upendeleo huo ulitoweka.

Kuna watakaoniambia 2020 ulikuwa mwaka wa ajabu: wachezaji walikaa miezi bila mechi, ratiba ikabanana, zikaruhusiwa sabu tano. Hoja nzuri. Basi tuiache 2020 twende Italia, 2007. Februari mwaka huo polisi Filippo Raciti alifariki katika vurugu za mechi ya Catania na Palermo, serikali ikakaza masharti ya usalama, na klabu ambazo viwanja vyao havikukidhi zikalazimika kucheza bila mashabiki huku nyingine zikiendelea kama kawaida. Hakukuwa na janga la ugonjwa wala sabu tano. Pettersson-Lidbom na Priks walipolinganisha, walikuta uwanja ukiwa mtupu waamuzi wanakuwa wakali zaidi kwa wenyeji na wapole zaidi kwa wageni. Mwaka 2020 tafiti kadhaa zikaona jambo linalofanana na hilo: kadi za njano walizokuwa wakipewa wageni zilipungua.

"Lakini VAR, mwamuzi msaidizi wa video, ipo." Ipo, ila VAR hutazama magoli, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja na kukosea mchezaji wa kuadhibiwa. Faulo ya katikati ya uwanja inayomvunjia mgeni shambulizi lake haiendi VAR. Kadi ya njano anayopewa beki dakika ya ishirini, ikamfanya acheze kwa woga hadi mwisho, nayo haikuwa ya VAR.

Nakubali kwamba faida ya nyumbani ilikuwa inashuka hata viwanja vikiwa vimejaa. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, walipofuta Juni 2021 kanuni ya goli la ugenini (timu zikilingana kwa jumla ya magoli, iliyofunga mengi ugenini inapita) walitoa takwimu zao: tangu katikati ya miaka ya 1970 ushindi wa nyumbani kwenye mashindano yao ulishuka kutoka asilimia 61 hadi 47, na wa ugenini ukapanda kutoka 19 hadi 30. Usafiri umekuwa bora, nyasi zimekuwa bora, kamera zimejaa kila kona. Lakini kushuka kule kulichukua zaidi ya miaka arobaini. Cha 2020 kilitokea ndani ya wiki chache, na mashabiki waliporudi 2021/22 wenyeji wa Premier League wakarudi kushinda zaidi ya wageni.

Kwa hiyo adhabu ya uwanja mtupu ni adhabu ya kimchezo, na ni mbaya kwa sababu ukubwa wake haujulikani na faida yake inaangukia kwa bahati. Tena haitekelezwi sawasawa. Juni 2022 Hungary walitakiwa kucheza na England mjini Budapest bila mashabiki, lakini kanuni za UEFA zinaruhusu watoto wenye wasimamizi, wakaingia watu zaidi ya 30,000. Wachezaji wa England walizomewa walipopiga goti kupinga ubaguzi, na Hungary wakashinda 1-0 kwa penalti ya Szoboszlai. Siku saba baadaye England, nao wakitumikia adhabu ya vurugu za fainali ya Euro, walicheza na Italia kwenye uwanja wa Molineux mbele ya watoto elfu chache, ikawa suluhu. Adhabu yenye jina moja, mazingira mawili tofauti kabisa.

Ninachopendekeza ni kosa la mashabiki lilipiwe kwa faini na, likiwa zito, kwa kukatwa pointi ambazo kila mtu anaziona kwenye msimamo. Au wafanye kama Uturuki Septemba 2011, Fenerbahçe walipocheza na Manisaspor mbele ya wanawake na watoto zaidi ya 41,000: wahuni walibaki nje, uwanja ukabaki na sauti.

Anayepinga naomba asiniletee mechi moja moja. Najua Barcelona waliwafunga Las Palmas 3-0 Camp Nou ikiwa tupu mwaka 2017. Anieleze wale waamuzi 40 waliotazama mkanda mmoja na kutoa maamuzi tofauti, wakati hakuna hata mmoja wao aliyekuwa uwanjani.