Spaini bodi, skupu au godoro la vakyumu? Naombeni ushauri kabla sijalipia

mtoto_wa_mbagala
Wakuu habari za jioni. Kuna kituo cha afya cha binafsi huku Mbagala wamenunua Haisi wanaigeuza ambulansi, mimi ndo nimepewa kazi ya kutafuta vifaa vya mgonjwa wa ajali anayehisiwa kaumia shingo au uti wa mgongo. Kesi zetu nyingi ni bodaboda za barabara ya Kilwa na inabidi mtu tumfikishe MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, foleni mnaijua wenyewe. Duka la kwanza wameniambia chukua spaini bodi ya plastiki (ule ubao mgumu wa kumlazia mgonjwa), kola ya shingo na mikanda umemaliza, la pili wanasema bodi zimepitwa na wakati nichukue skupu (machela ya vipande viwili), af kuna jamaa wa tatu ananing'ang'aniza godoro la vakyumu (la kuvutwa hewa) na hilo peke yake linakula bajeti yote. Nishike lipi?

Sista_Emajensi
Kwenye gari mnakaa wangapi? Maana kumgeuza mgonjwa mzimamzima umuingize bodi chini kunataka watu kama wanne, mmoja kashika kichwa tu na yeye ndo anatoa amri. Kama mko wachache chukua skupu, inaachana vipande viwili unaviingiza kulia na kushoto unafunga, hakuna kumbingirisha.
Bodi nayo muhimu ila kazi yake kumtoa mtu kwenye gari au mtaroni, sio kumlaza mpaka Muhimbili. Ile plastiki ngumu, uzito wote unakaa kisogoni, makalioni na visiginoni, na mtu aliyekufa ganzi miguu hawezi kukwambia panauma. Tunawapokea hao, ukimgeuza unakuta ngozi imeshabadilika rangi.

Kibopa_wa_Tandika
Aaah sista, miaka yote tunaleta watu kwenye bodi na tunapokelewa fresh. Mtu kavunjika shingo unataka alale kwenye laini?

Sista_Emajensi
Kaka hakuna aliyesema shingo iachwe icheze. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani, wa upasuaji wa ajali, wa emajensi na wa ambulansi, walitoa tamko la pamoja kwamba skupu, godoro la vakyumu, hata machela yenyewe ya ambulansi vinatosha, ilimradi mtu kafungwa vizuri na mgongo umenyooka. Na wakasema aliyechomwa kisu au kupigwa risasi asifungwe hivyo, mnapoteza muda na yeye anavuja damu.

dereva_wa_kingora
Godoro la vakyumu ni tamu kwa safari ndefu, ukivuta hewa linakuwa gumu kwa umbo la mtu. Ila ajali ya boda ina vioo na vyuma, likitoboka kwisha habari, na pampu ikipotea umebaki na gunia.
Mimi ningeangalia mikanda kwanza. Ya velkro ikishaingia mchanga na damu na kufuliwa kwa jiki haishiki tena, chukua ya klipu inayofutika. Funga kifua na nyonga, kichwa mwisho, na kufungua anza na kichwa, maana kichwa kikiwa kimefungwa af mwili uko huru, dereva akikanyaga breki ghafla shingo ndo inalipa. Kola usibane kama unamnyonga, aliyeumia kichwa inampandishia presha ndani ya fuvu. Mtoto mdogo mkunjie nguo chini ya mabega, kichwa chake kikubwa kinainamisha shingo mbele.
Halafu andika jina la kituo kwa rangi kwenye kila kitu. Ukiacha skupu mapokezi kesho huikuti, utaambiwa haijawahi kuwepo.

mtoto_wa_mbagala
Asanteni sana. Tuko wawili na dereva, kwahiyo nachukua skupu, bodi moja ya kumtolea mtu, na kola zile za kurekebisha saizi. Ila skupu kuna ya alumini na ya plastiki, alumini bei imekaa poa.

dereva_wa_kingora
Plastiki kama hela inafika. Alumini ikipigwa na jua la hapa Dar inaunguza, na kwenye eksirei inaonekana. Ukikosa, chukua alumini na utandike shuka. Hapohapo dukani kagua zile kufuli za kichwani na miguuni, zifunge, mtu mzima alale mnyanyue. Muuzaji akikataa kulala mwenyewe ondoka.