Naombeni ushauri: farasi wangu mchanga kanikataa ghafla, karoti hataki, kamba hataki

Mchunga Upepo (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Anayejua wanyama anisaidie, maana siku ya ngapi hii silali vizuri.

Nipo shamba moja magharibi ya Kilimanjaro, juu ya Sanya Juu. Natunza farasi saba. Mmoja ni jike mchanga, rangi ya karanga, na jina lake ndilo hilo hilo, Karanga. Alizaliwa masika ya mwaka juzi, ana miaka miwili na miezi minne.

Huyu sikumfundisha kwa fimbo kama wenzake. Nilifuata njia ya zawadi: akifanya unachotaka, unapiga ulimi "tk", papo hapo unampa kipande cha karoti. Nilianza na fimbo yenye mpira wa tenisi nchani. Aguse mpira kwa pua, "tk", karoti. Mwezi haujaisha alikuwa anainua mguu mwenyewe nimsafishe kwato. Hedikola, ile mikanda ya kichwani ya kumwongozea, nilikuwa naishika wazi tu, yeye anashusha kichwa, anaingiza pua, halafu anasubiri, pumzi yake ya moto inanipiga kiganjani. Miezi mitano hatujagombana.

Sasa leo siku ya tisa, akiiona hedikola tu anakwenda kona ya mbali ya zizi, masikio kalaza nyuma, mkia kaubana. Karoti nikimtupia haili mpaka niondoke. Haumwi, anakula nyasi vizuri. Wenzangu wanasema nimemdekeza, nimfunge kwenye mgunga asubuhi mpaka jioni, atanyooka.

Swali langu: nibadili zawadi, labda nijaribu sukari guru, au nikubali tu kumfunga? Nina haraka kidogo.

Kiboko Yao
Mnyime kula siku mbili. Siku ya tatu atavaa hata raba.

Mtoto wa Langoni
Mimi wa Lamu, farasi sina, nina punda, ila akili zao nadhani ni shamba moja. Baba yangu alikuwa na punda wa kubeba mchanga kutoka ufukweni. Siku moja kaangukiwa na mzigo kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu. Tangu hapo, miaka minne, kichochoro kile hakupita. Alipigwa, alivutwa, wapi. Ikabidi baba azungukie njia ndefu mpaka punda anakufa. Tulimpeleka hata kile kituo cha kutibu punda kilichofunguliwa 1987, wakamkagua bure, wakasema mguu mzima. Mguu ulikuwa mzima, kichwani ndiko kulikobaki kidonda. Mzee alimlilia yule punda kuliko alivyomlilia shemeji yake.

Saisi Mstaafu
Kijana, kabla ya sukari guru, nijibu mawili. Siku moja kabla hajaanza kukataa kulitokea nini? Na hiyo "haraka kidogo" ni haraka ya nini?

Kiboko Yao, usimpe mtu ushauri huo hata kwa utani. Tumbo la farasi linatoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali. Ukimnyima chakula anapata vidonda vya tumbo, na ukija kumrudishia kwa pupa anaweza kushikwa na msokoto wa tumbo umzike.

Mchunga Upepo
Asante mzee wangu. Hakuna kikubwa kilichotokea, ratiba yake ya mazoezi ilibadilika tu. Ndiyo maana nikauliza kuhusu zawadi, labda kachoka na karoti.

Bi Mkubwa wa Mbweni
Mwanangu, umeulizwa jingine umejibu jingine. Nimelea watoto sita, mtoto akianza na "hakuna kikubwa" naenda moja kwa moja kuangalia ile sahani iliyovunjika. Sema.

Mchunga Upepo
Sawa. Siku ile tulimtia tandiko.

Na lijamu, kile chuma cha mdomoni. Tulikuwa watatu, wawili wakamshika, mwenzetu mmoja wa kilo kama 78 akapanda. Dakika ishirini hivi. Mwanzo alisimama tu anatetemeka, tukadhani amekubali. Halafu akainuka kwa miguu ya nyuma. Ila jamani tusikuze mambo, farasi wa mashindano wanapandwa wakiwa na miaka miwili dunia nzima. Na tandiko alishalizoea, nilikuwa namwekea mgongoni bila kufunga mkanda.

Saisi Mstaafu
Alipoinuka, ulifanya nini?

Mchunga Upepo
Nilimchapa kofi la pua. Moja.

Bi Mkubwa wa Mbweni
Subhanallah. Usoni? Sisi tumekatazwa kumpiga mnyama usoni, tena na Mtume mwenyewe. Kiumbe kashusha kichwa mbele yako miezi mitano, siku moja ndiyo ukamlipa hivyo. Kaa na hilo kwanza kabla ya kutafuta sukari.

Kiboko Yao
Bi mkubwa, kofi moja tu. Mimi nimekula kofi ngapi za mama na bado nampenda.

Mchunga Upepo
Bi Mkubwa, naumia kuliko unavyodhani. Lakini nisikilizeni na mimi. Mama yake Karanga alikufa kwa ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi, mtoto akiwa na miezi mitano. Mwenye shamba akaniambia, ukimlea ni wako. Nimemlea. Kila siku kabla jua halijazama namwingiza bandani visubi visimpate, sijakosa hata jioni moja. Sasa kuna mteja wa Arusha anamtaka kwa ajili ya binti yake wa miaka kumi na moja. Jumamosi ijayo anakuja kumwona akipandwa. Katanguliza laki nne na nimeshamlipia mdogo wangu ada. Sina pa kuzirudisha. Kwa hiyo msiniambie nisimpande, niambieni namrudishaje haraka.

Mtoto wa Langoni
Ile "haraka kidogo" imezaa watoto.

Saisi Mstaafu
Kijana, nimeshika farasi miaka 31. Nilianzia Nairobi, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ule uliofunguliwa 1954, nikamalizia Oman kwa bwana mmoja mzaliwa wa Unguja, bandani tunaongea Kiswahili kutwa. Hao wa mbio unaowasema nimewafuta jasho kwa mikono hii. Kweli wanapandwa na miaka miwili, na nimewaona wakichechemea. Tena mpandaji wao ni mwepesi, na wanazoeshwa kwa wiki nyingi kabla mtu hajakaa sawasawa. Mifupa ya farasi haikomai kwa pamoja. Ya chini ya miguu inatangulia, ya goti inafuata karibu na miaka miwili na nusu, uti wa mgongo ndio wa mwisho, miaka mitano na kupita. Wewe umemwekea kilo 78 na tandiko juu yake, siku ya kwanza, dakika ishirini, huku kashikwa asiweze kuondoka.

Karoti haina kosa. Zamani hedikola ilikuwa na maana ya karoti. Siku ile ikapata maana ya chuma, uzito na kofi, na mtu aliyefanya hivyo ni yule yule wa karoti. Kumfunga kwenye mgunga usithubutu. Farasi mchanga akipata hofu huku kafungwa, anavuta kwa uzito wake wote. Shingo inaumia, akishindwa kukata kamba anajiangusha.

Fanya hivi. Hedikola ile iondoe machoni kabisa. Kaa nje ya zizi, ubao ukiwa kati yenu. Akikutazama, "tk", mrushie karoti mbali na wewe, aifuate bila kukusogelea. Dakika tano asubuhi, tano jioni, kisha ondoka, hata kama mambo ni mazuri. Hasa kama ni mazuri. Akianza kuja mwenyewe, rudisha fimbo na mpira. Baadaye sana lete hedikola nyingine, ya rangi nyingine, ilaze chini mbali, umlipe kwa kuitazama tu. Akigeuka kuondoka, mwache aende. Farasi anayejua ana ruhusa ya kuondoka ndiye anayerudi. Na daktari wa mifugo amwangalie mdomo na mgongo kabla ya yote.

Binti wa miaka kumi na moja asikae juu yake. Farasi asiyejua na mtoto asiyejua hawafundishani.

Mpenda Ushahidi
Jamani mnalishwa chai hapa. Nimepitia nyuzi zake za zamani. Mwaka jana huyu huyu alikuwa dereva wa bodaboda Kahama, alifungua uzi kuulizia klachi inayoteleza. Leo ana farasi Kilimanjaro, anajua mpira wa tenisi na "tk". Hizi ni video za Wamarekani kazibandika Sanya Juu. Picha iko wapi? Na mwanzo alisema "haumwi, hakuna kikubwa", sasa kuna mama marehemu, ada na mtoto wa tajiri. Kila ukurasa inaongezeka sehemu.

Kiboko Yao
Kumbe! Na mimi nilishaanza kuulizia bei ya farasi.

Mtoto wa Langoni
Iwe kweli iwe chai, punda wa baba alikuwa wa kweli.

Mchunga Upepo
Kahama nilikuwepo, sikatai. Nilikuja huku kwa mjomba baada ya ajali, na pikipiki ni ile ile, ndiyo ninayobebea majani. Picha siweki. Shamba linajulikana na mteja anaweza kuwa anasoma hapa. Mkiona ni uongo, niacheni.

Saisi Mstaafu
Mpenda Ushahidi, una haki ya kuuliza. Picha inaazimwa, kwa hiyo mimi nauliza kingine, ambacho nilitaka kukijua tangu alipotaja lijamu. Kijana, usimshike, usimlazimishe. Mvizie akitafuna au akipiga mwayo. Meno yake ya mbele, yale mawili ya katikati, yakoje leo?

Mchunga Upepo
Kesho nitaangalia.

Mchunga Upepo
Nimerudi. Jana jioni na leo nilikaa nje ya zizi juu ya ndoo, mikono mitupu, karoti mfukoni. Jana hakunisogelea. Leo alikuja hadi hatua kama nne, akasimama ubavu, akaanza kuguguna ubao wa juu. Nikaona. La katikati moja la juu halipo, kuna kijipengo na ncha nyeupe inachungulia. La pili limekaa upande. Ubao ulibaki na alama ya damu ndogo, kama ya mtoto aking'oka jino.

Mzee, hivi siku ile tulipomtia chuma, mdomo ulikuwa tayari unamuuma?

Saisi Mstaafu
Ndiyo. Kwenye miaka miwili na nusu hayo ya katikati ndiyo yanayobadilika, na magego ya mwanzo, nyuma tu ya mahali lijamu inapokaa, yanabadilika karibu wakati huo huo. Fizi zote zinawaka. Ndiyo maana aliinuka. Hakuwa na namna nyingine ya kukwambia.

Mpenda Ushahidi
Hilo la umri na meno nimelitafuta, liko hivyo. Chai naifuta. Picha bado naitaka.

Bi Mkubwa wa Mbweni
Mpigie mteja, mwanangu. Mwambie ukweli kabla hajatia mafuta kwenye gari.

Mchunga Upepo
Nimempigia mchana. Nimemwambia yote, na kofi pia. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Akauliza farasi akomae lini, nikasema kupandwa na binti yake, tuongee baada ya miaka miwili au mitatu, na laki nne nitalipa kidogo kidogo kila mwezi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kasema Jumamosi wanakuja hivyo hivyo, binti anataka kumwona.

Nimemwambia waje na viatu vya shamba. Tutakaa nje ya ubao. Ndoo ziko mbili.