Kama bondi ya kovalenti ni dhaifu, mbona mchanga hauyeyuki kirahisi?

chumvinamaji:
Habari zenu wakubwa, naombeni msaada maana nimekwama na mtihani uko karibu. Tumefundishwa kwamba vitu vyenye bondi ya kovalenti (atomu zinashirikiana elektroni) vinayeyuka na kuchemka kwenye joto dogo kwa sababu bondi zake ni dhaifu, na vya ioniki (ioni, yaani atomu zenye chaji, zinavutana) vinataka joto kali kwa sababu bondi zake ni imara. Sawa, nikaandika. Jana napitia jedwali la nishati za bondi nakuta O-H, yaani bondi ya oksijeni na haidrojeni, ya kwenye maji ni 463 kJ (kilojuli, kipimo cha nishati) kwa moli (kipimo cha idadi ya chembe), hiyo sio ndogo hata kidogo, alafu maji yanachemka nyuzi 100 tu. Na mchanga nao ni kovalenti, silikoni na oksijeni, lakini unayeyuka karibu nyuzi 1,700 wakati chumvi ambayo ni ioniki inayeyuka 801. Sasa hapo dhaifu ni nani?

mzeewapepa:
Mdogo wangu usijichoshe, ioniki imara, kovalenti dhaifu, mchanga na almasi ni eksepsheni. Kariri hivo maksi utapata.

mwl_wa_maabara:
Hapana ndugu yangu, usimkaririshe, huyu kaona kitu cha kweli kabisa.

Chumvinamaji, jiulize kwanza, maji yakichemka kinachotoka ni nini? Ni mvuke, na mvuke bado ni H2O, kila oksijeni imeshikana na haidrojeni zake mbili vilevile kama mwanzo. Ingekuwa kuchemka ni kuvunja O-H basi kwenye sufuria ingetoka haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko ambao ukipata cheche tu unalipuka, nani angebandika maji jikoni? Kinachoachana pale ni molekuli na molekuli, sio atomu na atomu ndani ya molekuli. Cheki namba: kugeuza moli moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke unatumia kama 41 kJ, lakini kuvunja O-H zake zote mbili ni 463 mara 2, yaani 926 kJ. Zaidi ya mara 20! Kwaiyo bondi ya kovalenti sio dhaifu, dhaifu ni mvutano wa kati ya molekuli moja na nyingine, na huo ndio joto linaushinda.

Na bado maji ni wagumu ukilinganisha na wenzao, maana kati ya molekuli zao kuna bondi ya haidrojeni, yaani mvutano wa ziada kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya molekuli jirani, sio ile O-H ya ndani. H2S (haidrojeni salfaidi) molekuli yake ni nzito karibu mara mbili ya maji lakini inachemka nyuzi 60 chini ya sifuri.

Sasa mchanga. Mchanga hauna molekuli ndogondogo za kuachana. Kila silikoni imeshika oksijeni 4, kila oksijeni imeshika silikoni 2, mtandao unaenda hivo hivo punje nzima, hivyo ukitaka kuuyeyusha hakuna njia ya pembeni, lazima uguse bondi zenyewe. Almasi ni hivyo hivyo, kaboni kwa kaboni nne nne. Sio eksepsheni hata kidogo, ni kanuni ileile: uliza joto linaachanisha nini na nini.

chumvinamaji:
Aisee mwalimu nimekuelewa, asante sana!! Miezi yote hii nilikua nachanganya bondi na mvutano wa molekuli. Kwaiyo na chumvi nayo inayeyuka molekuli za NaCl zikiachana?

nyotaasubuhi:
Hapo utateleza mdogo wangu, chumvi haina molekuli. Kwenye punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na kloridi 6 na kila kloridi imezungukwa na sodiamu 6, huwezi kunyoosha kidole ukasema hii sodiamu ni ya hii kloridi. NaCl ni uwiano tu.

Na kuna jingine linaloniuma tunavofundishwa, eti sodiamu "inapenda" kutoa elektroni. Haipendi. Kuing'oa elektroni moja kunakula 496 kJ kwa moli, klorini ikiipokea inarudisha 349 tu, hapo bado tuna hasara ya 147. Kinachofanya chumvi iwepo ni ioni kuvutana na kujipanga, hapo zinaachia 787 kJ kwa moli. Ndo maana chaji zikiwa kubwa mvutano unapanda sana, MgO (oksaidi ya magnesiamu) yenye chaji 2+ na 2- inayeyuka karibu nyuzi 2,850.

Chumvi ikiyeyuka ioni zinapata nafasi ya kutembea ndo maana inapitisha umeme, ikiwa ngumu haipitishi. Hilo wanapenda kuuliza.

chumvinamaji:
Nimeandika yote. Ngoja nijipime na mshumaa: nta ikiyeyuka molekuli zinaachiana tu, bondi ziko salama, ila nta ikiwaka ndo bondi zinavunjika na ule moto unatokana na kuvunjika huko. Niko sawa?

mwl_wa_maabara:
Nusu ya kwanza safi kabisa. Nusu ya pili rekebisha leo hii hii kabla haijaota mizizi: kuvunja bondi siku zote kunakula nishati, hakutoi. Nta ikiwaka unavunja C-H, C-C na ile O=O ya oksijeni, hapo unalipa, halafu zinaundwa bondi mpya za kaboni dayoksaidi na maji ambazo ni imara zaidi, na zinapoundwa zinaachia nishati nyingi kuliko uliyolipa. Hiyo ziada ndio mwanga na joto unaloona. Chukua methani, CH4, na jedwali lako hilohilo, piga hesabu ya bondi zinazovunjika na zinazoundwa ikiungua, kisha weka jibu hapa nikusahihishie.